Oscar Tatu za Walter Brennan: Zawadi ya Ekstra au Jasho Lake?

Usiku wa tarehe 27 Februari 1941, katika hoteli ya Biltmore mjini Los Angeles, washindi wa Oscar walitangazwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye bahasha zilizofungwa. Mwaka uliotangulia gazeti moja la mjini humo lilitoa matokeo kabla ya sherehe, wageni wakaingia ukumbini wengine wakijua tayari nani kashinda. Safari hii siri walikabidhiwa wahasibu wa Price Waterhouse. Bahasha ya mwigizaji bora msaidizi wa kiume ilipofunguliwa likatoka jina la Walter Brennan. Alikuwa ameshinda kwa filamu ya mwaka 1936, akashinda kwa ya mwaka 1938, na sasa kwa ya mwaka 1940. Tuzo yenyewe ya waigizaji wasaidizi ilikuwa imetolewa mara tano tu tangu ianzishwe, na mara tatu kati ya hizo alikuwa ameondoka nayo mtu mmoja. Hakuna mwigizaji yeyote, steringi au msaidizi, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amefikisha Oscar tatu kabla yake.

Tangu hapo maneno hayajaisha. Hadithi inayosimuliwa ni hii: Brennan alianza kazi kama ekstra, yaani mmoja wa wale watu wa umati wanaopita nyuma ya steringi bila kusema neno. Ekstra walikuwa na haki ya kupiga kura, na kwa idadi waliwazidi mastaa, waongozaji na waandishi. Basi kila alipopendekezwa, walimpa mwenzao. Alipochukua ya tatu, wakubwa wakachoka, wakawanyang'anya ekstra kura yao.

Ni hadithi tamu, na ndani yake kuna ukweli. Lakini ukiiweka pembeni ya kalenda inaanza kuvuja.

Tuanze na mwenyewe. Brennan alizaliwa mwaka 1894 huko Lynn, Massachusetts, akasomea ufundi, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia nchini Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akaoa mwaka 1920, kisha akahamia California. Huko alijaribu biashara ya viwanja wakati Los Angeles inapanuka kila siku, akapata fedha, soko lilipoanguka katikati ya miaka ya 1920 akazipoteza. Filamu hakuziendea kwa wito wa sanaa. Alizifuata kwa sababu nyumbani kulihitajika chakula, na studio zilikuwa zinalipa kwa siku.

Kazi ya ekstra wakati huo ilikuwa kibarua hasa. Mwaka 1925 wakubwa wa studio walianzisha ofisi moja, Central Casting, ya kugawa kazi hizo, baada ya malalamiko mengi kuhusu mawakala waliokuwa wakiwakamua watu. Mtu alipiga simu jioni kuuliza kama kesho kuna nafasi. Waliojiandikisha walikuwa maelfu, waliopata kazi kwa siku walikuwa mamia, kwa hiyo jibu la kawaida lilikuwa hakuna. Mwenye suti yake ya jioni alilipwa zaidi ya yule aliyekuja na nguo za kawaida. Mwenye kupanda farasi vizuri alikuwa na soko lake. Aliyekubali kuanguka kutoka juu ya farasi alikuwa na soko jingine. Gary Cooper naye alipitia mlango huohuo mwaka 1925. Tofauti ni kwamba Cooper alikuwa na uso ambao kamera iliuona mara moja. Brennan alikuwa mwembamba, nywele zinamtoka, na hata alipokuwa kijana alifanana na mjomba wa mtu.

Miaka karibu kumi ikapita hivyo. Ukitazama filamu za mwanzo wa miaka ya 1930 kwa makini unamkuta pembezoni: katika The Invisible Man ya mwaka 1933 ni mwanakijiji aliyeibiwa baiskeli, katika Woman Haters ya mwaka 1934, filamu fupi ya kundi la wachekeshaji la Three Stooges, ni kondakta wa treni. Sekunde chache, sentensi moja au mbili, basi. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1932, alipata ajali kazini iliyomng'oa meno mengi. Akaanza kuvaa meno bandia.

Hapo ndipo wengine wangeona mwisho wa kazi ya kamera. Kwake ilikuwa kama fundi aliyeongezewa kifaa. Akivaa meno ni mtu wa miaka arobaini, akiyatoa mashavu yanaingia, kidevu kinasogea juu, sauti inabadilika, na mbele yako umesimama mzee wa miaka sabini. Inasimuliwa kwamba alipopelekwa kwa mwongozaji Howard Hawks kwa ajili ya Barbary Coast ya mwaka 1935, aliuliza swali moja tu kabla ya kuanza kusoma: kwa meno au bila meno? Kama kisa hicho kimetiwa chumvi, na Hawks alikuwa mtiaji chumvi hodari, bado kinaeleza kazi ilivyokuwa. Nafasi aliyopewa ilianza ndogo ikakuzwa, na mtayarishaji Samuel Goldwyn akamfunga kwa mkataba.

Sasa tuitazame ile ya kwanza.

Come and Get It ni hadithi ya wakata mbao wa Wisconsin. Edward Arnold ni Barney Glasgow, mwenye tamaa ya mali, anayemwacha mwimbaji wa baa aliyempenda ili aoe binti wa tajiri. Brennan ni rafiki yake Swan Bostrom, Mswidi mwenye nguvu na moyo mweupe, anayemwoa yule mwanamke aliyeachwa. Miaka inapita, Barney anarudi na kumtamani binti wa Swan, anayefanana na mama yake kama sarafu mbili (Frances Farmer anaigiza wote wawili). Filamu ina nyufa zake. Goldwyn aligombana na Hawks katikati, akamwita William Wyler amalizie, na mshono unaonekana. Brennan ndiye anayezishikilia nusu hizo mbili. Kuna lafudhi ya Kiswidi iliyokolezwa kupita kiasi, mimi inanichosha, lakini Swan mzee anapogundua rafiki yake anamtakia nini binti yake, Brennan hapandishi sauti. Anakuwa na haya kwa niaba ya mwenzake. Ni uigizaji wa mtu anayejua kwamba tukio hilo si lake.

Je, ekstra walimpa hii? Hapa kalenda inakataa. Akademi ya filamu, ile inayotoa Oscar, ilikuwa taabani miaka hiyo. Ilianzishwa mwaka 1927 na wakubwa wa studio, Louis B. Mayer akiwa mstari wa mbele, na wafanyakazi waliiona kama njia ya kuzuia vyama vya kweli visizaliwe. Chama cha waigizaji, Screen Actors Guild, kilipoundwa mwaka 1933, wengi waliikimbia akademi. Mwaka 1936 mwandishi Dudley Nichols aliikataa Oscar yake kwa sababu ya mgogoro huo. Frank Capra, aliyekuwa rais wa akademi, alijua kwamba bila vyama hivyo tuzo zingekufa, na njia aliyopata ya kuvirudisha ni kuwafungulia wanachama wao kura. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa tuzo za filamu za mwaka 1937. Tuzo ya Brennan ya Come and Get It ilitolewa tarehe 4 Machi 1937, kwa filamu za mwaka 1936, kabla ya mlango kufunguka. Waliopendekeza majina walikuwa kamati maalumu, na waliopiga kura walikuwa wanachama wa akademi. Hakuna jeshi la ekstra hapo. Aliowashinda ni akina Basil Rathbone, Akim Tamiroff na Mischa Auer, watu wenye majina, na waliompitisha ni wakubwa hao hao wanaodaiwa kuchoshwa naye.

Mwaka wa kwanza wa kura ya watu wengi, mshindi alikuwa Joseph Schildkraut. Brennan hakuwamo hata kwenye orodha.

Ya pili ndiyo yenye maswali, na sitamtetea sana. Kentucky ya mwaka 1938 ni filamu ya rangi ya 20th Century-Fox kuhusu familia mbili za wafuga farasi zenye chuki iliyoanza wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Brennan ni mzee Peter Goodwin, ambaye alipokuwa mtoto alishuhudia baba yake akiuawa siku farasi wao walipochukuliwa na wanajeshi. Mzee huyo anakaribia miaka themanini. Brennan alikuwa na miaka 44. Anafoka, anapiga fimbo chini, anawajua farasi kuliko anavyowajua binadamu, na mwisho anakufa uwanjani farasi wao anaposhinda mbio za Kentucky Derby. Ni nafasi iliyoandikwa ili watu walie, na walilia. Mwaka huohuo John Garfield alikuwa ameingia kwa kishindo katika Four Daughters, akiwa na uigizaji mkavu, wa uchungu, ambao hadi leo haujazeeka. Robert Morley naye alikuwa amemfanya Louis wa 16 kuwa binadamu wa kuhurumiwa katika Marie Antoinette. Ukiniuliza mimi, kura yangu ingekwenda kwa Garfield.

Kura ya ekstra ilikuwapo mwaka huo, na hapa sioni sababu ya kuibeza hoja. Mwenye kulipwa kwa siku anapopewa karatasi ya kura na kukuta jina la mtu waliyewahi kupanga naye foleni ya chakula cha mchana, atafanya nini? Garfield alikuwa amefika jana kutoka jukwaa la New York. Rathbone, aliyependekezwa tena, na Morley walikuwa Waingereza wa tamthilia. Brennan walimjua kwa jina, na bado alikuwa anawasalimia.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hadithi ile hailisemi. Katika mwaka huo mmoja wa 1938 Brennan alionekana katika filamu zisizopungua sita: The Buccaneer, The Adventures of Tom Sawyer, The Texans, Mother Carey's Chickens, The Cowboy and the Lady, kisha Kentucky. Steringi wa wakati huo alitoa filamu mbili au tatu kwa mwaka, naye alitunzwa ili asichosheke machoni. Mwigizaji msaidizi alitumiwa kama jembe. Goldwyn alitengeneza filamu chache, kwa hiyo watu wake aliwaazimisha studio nyingine, kama alivyomwazimisha Brennan kwa Fox. Matokeo yake ni kwamba Brennan alifanya kazi karibu kila mahali, na mafundi wa taa, wapiga picha, wasusi na waongozaji wa kila studio walikuwa wameshamwona akija asubuhi akiwa amekariri maneno yake. Kura ya mtu kama huyo haitoki kwa ekstra peke yao.

Ya tatu haina mjadala. The Westerner ya mwaka 1940 imeandikwa ionekane ni filamu ya Gary Cooper, na Cooper mwenyewe aliona mapema kwamba mwenzake ndiye mwenye nyama ya hadithi. Brennan ni Jaji Roy Bean, mtu aliyewahi kuishi kweli huko Texas, aliyegeuza baa yake kuwa mahakama na kujiita sheria ya magharibi ya mto Pecos. Ni muuaji. Ananyonga watu kwa makosa ya ng'ombe. Na ni mtoto mdogo kabisa linapokuja suala la Lillie Langtry, mwigizaji wa Kiingereza ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana, na ambaye picha zake amezibandika ukuta mzima. Wyler, mwongozaji wake, aliwaacha Cooper na Brennan wakae, wanywe, wadanganyane. Cooper anadai ana kishungi cha nywele za Langtry. Tazama uso wa Brennan anapokisikia. Uchu, aibu na hila vinapita kwa pamoja, na bado humsahau kuwa ni mnyongaji. Kumpenda mtu wa namna hiyo bila kumsamehe ni jambo gumu kumfanyia mtazamaji. Mwaka huo kulikuwa na Jack Oakie aliyemkejeli Mussolini katika filamu ya Chaplin, na James Stephenson katika The Letter, wote wazuri sana. Tuzo ilikwenda mahali pake.

Mwaka uliofuata Brennan alipendekezwa kwa mara ya nne, kwa nafasi ya mchungaji katika Sergeant York, akashindwa na Donald Crisp. Hapo madai kwamba alishinda kila alipowania yanakufa yenyewe, tena yanakufa wakati ekstra hawajapoteza kura. Hawakunyang'anywa asubuhi baada ya ushindi wake wa tatu. Walipunguzwa nguvu baadaye, na ilipofika nusu ya pili ya miaka ya 1940 kura ya mwisho ilikuwa imerudi mikononi mwa wanachama wa akademi. Sababu zilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja: studio hazikupenda kuona maelfu ya vibarua wakiamua sifa ya bidhaa yao. Brennan alikuwa mfano rahisi wa kutaja.

Mwenyewe, inasemekana, aliionea haya kidogo hesabu hiyo ya tatu. Naielewa. Ukisikia kila siku kwamba ulichopata ni huruma ya wenzako, hata ulichokitolea jasho unaanza kukitilia shaka.

Kuna upande mwingine wa kipengele hiki usiopaswa kupita bila kutajwa. Tarehe 29 Februari 1940, kati ya ushindi wa pili na wa tatu wa Brennan, Hattie McDaniel alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa Gone with the Wind. Alikuwa Mwamerika Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huo katika hoteli ya Ambassador alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile, kwa sababu hoteli ilibagua. Yeye na Brennan walikuwa kazi moja, cheo kimoja. Wote wawili walipewa kibao badala ya sanamu kamili, maana waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu kubwa hadi sherehe ya mwaka 1944. Lakini Brennan aliweza kuwa Mswidi, jaji, mchungaji, mlevi, bwana wa farasi. McDaniel alikuwa mtumishi wa ndani, na baada ya Oscar akaendelea kuwa mtumishi wa ndani. Tunapousifu uwezo wa Brennan wa kugeuka kuwa yeyote, tukumbuke nani aliruhusiwa kugeuka.

Na hili linanifikisha kwenye jambo linalowakwaza mashabiki wake wengi, mimi nikiwamo. Yule mzee mpole wa kwenye skrini, nje ya skrini alikuwa mtu wa siasa kali za mrengo wa kulia, mpinzani wa vuguvugu la haki za raia, na katika uchaguzi wa mwaka 1968 alimuunga mkono George Wallace, gavana aliyejijengea jina kwa kutetea ubaguzi. Sioni haja ya kulifunika ili nifurahie Roy Bean. Pia sioni haja ya kudai kwamba uigizaji wake ulikuwa mbovu ili nimkasirikie vizuri.

Baada ya mwaka 1941 hakushinda tena, na hilo halikumpunguzia kazi hata kidogo. Katika To Have and Have Not ya mwaka 1944 ni mlevi Eddie anayemuuliza kila mtu kama amewahi kung'atwa na nyuki aliyekufa. Katika My Darling Clementine ya mwaka 1946 akamgeukia mtazamaji: mzee Clanton, baba wa majambazi, asiye na chembe ya ucheshi, anawachapa wanawe wakubwa kwa mjeledi. Wanaomjua kwa upole wake waanze na hiyo. Red River ya mwaka 1948 ikamrudisha kwa Hawks, ambaye hakuwa amesahau lile swali la meno. Mpishi Groot anacheza karata, anapoteza meno yake bandia kwa mwenzake wa kabila la Wahindi Wekundu, na safari nzima ya ng'ombe analazimika kuyaomba kila ufikapo wakati wa kula. Katika Rio Bravo ya mwaka 1959 ni Stumpy, kiguru mlinzi wa mahabusu, na ukimtoa yeye John Wayne anabaki hana mtu wa kugombana naye ndani ya jela ile. Filamu zake na Hawks zikafika sita.

Kisha televisheni. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1963 aliigiza babu Amos katika The Real McCoys, na huko jina lake ndilo lililotangulia. Alikuwa na miaka 63 alipoanza, umri ambao kwenye filamu alikwisha kuupita zaidi ya miaka ishirini nyuma. Kufikia hapo alikuwa na ranchi yake karibu na mji wa Joseph, Oregon, na mke yuleyule wa mwaka 1920. Steringi wengi aliowasindikiza walikuwa wamestaafu, wamefilisika au wamekufa. Yeye aliendelea kuitwa kazini hadi miaka ya 1970, akafariki mwaka 1974.

Kwa hiyo ukinilazimisha kugawa: ya kwanza haiwezi kuwa ya ekstra, ya tatu haikuwahitaji, na ya pili wanaweza kuidai, wakitaka. Hata hiyo walimpa mtu aliyekuwa amefanya filamu sita ndani ya miezi kumi na miwili.